Bi Tunu, Nimekuacha

Huseni wa magodoro alikuwa amebakiwa na talaka moja tu, na Mitwero nzima ilijua. Mbili alikwisha kuzitumia zamani, enzi za damu kuchemka, kwa upumbavu wake mwenyewe. Ya kwanza alimpa mkewe Mastura mwaka uleule waliooana, kwa sababu Mastura alikwenda Milola kwenye unyago wa mpwa wake, ngoma ikamnogea, akachelewa kurudi. Ya pili ilikuwa kwa ajili ya sindano. Naam, sindano! Ile ndefu ya kushonea magodoro. Mastura alimwazima jirani, ikarudi imepinda, na mwanamume mzima, mwenye mke mjamzito ndani, akafungua kinywa akamwacha kwa kipande cha chuma.

Mara zote mbili alilia machozi ya kweli, akatuma watu wa kumwombea radhi, akamrejea kabla eda haijaisha. Mara ya pili baba mkwe wake, Mungu amrehemu, alimshika sikio kama anavyoshikwa mtoto wa madrasa, akamwambia kuwa imebaki moja, na kwamba ile moja asiihesabu kuwa ni mali yake, ni ya shetani, anaiwinda usiku na mchana.

Tangu siku hiyo Huseni akawa mtu mwingine. Alibuni dawa yake. Akipandwa na hasira hutia karafuu mdomoni, akaiuma, akatoka nje kimya, wala harudi mpaka ukali wa karafuu umekwisha na wake umekwisha. Mfuko wa shati lake ulinukia karafuu kutwa kucha. Vijana wa kijiweni wakimwona anapita anatafuna walikuwa wakimuuliza leo Bi Mastura kamfanya nini, naye hucheka tu, karafuu ikiwa shavuni. Alimpenda mkewe yule, jamani. Alimpenda mapenzi ya kuona haya kuyasema, lakini kila aliyewaona alijua.

Kazi yao ilikuwa moja. Yeye anakata kitambaa na kushona, Mastura anachambua sufi na kutoa mbegu, na kutwa nzima wako pamoja bandani, weupe mpaka kwenye kope. Magodoro ya sponji yalikwisha kuiua biashara ile. Waliobaki ni wazee wanaotaka mito kama ile ya mama zao, na bi harusi mmoja mmoja ambaye bibi yake amekataa katakata asilalie sponji. Hata hivyo walikula, walivaa, na binti yao Biasha aliolewa kwa heshima huko Mingoyo. Maisha yao yalikuwa ya kuchekana puani. Anapiga chafya huyu, anapiga yule, wanacheka, kazi inaendelea.

Kisha akaja Twalib na picha yake.

Twalib ni kijana wa palepale Mitwero, aliyekwenda Dar kujifunza mambo ya kamera akarudi na kofia pana na maneno mengi. Alikuwa anatengeneza kichekesho cha mapenzi ya vijana, na mtu ukihadithiwa ulikuwa unajiuliza kama huyu mtoto ana akili timamu. Yassini, muuza barafu, anampenda Hafsa, binti wa fundi magodoro, na sababu ya kupendana ni kwamba wote wawili hawajui kupiga mluzi. Wanakaa pamoja wanapuliza hewa tupu. Watu wote katika picha wamevaa njano, kuanzia kofia mpaka ndala. Ukisema unatazama mbele, umekauka, kana kwamba unapigwa picha ya kitambulisho. Ukitembea, unakwenda upande upande mithili ya kaa. Kucheka ni marufuku. Binti anataka kutoroshwa kwa toroli, lakini kila toroli linapokuja linamchukua mtu mwingine: mara bibi yake, mara mwalimu wake wa madrasa, mara mbuzi.

Waigizaji aliwaokota mtaani. Kondo muuza samaki, mjane mcheshi asiyechoka maneno, alipewa upolisi. Maftaha, jirani wa Huseni na shoga wa Mastura tangu ujana wao, alikuwa bibi wa kwenye toroli. Na siku Twalib alipoingia bandani akaona sufi inavyoruka kwenye mwanga wa dirisha, alishika kichwa kwa mikono miwili akasema ni hapa hapa, haendi kwingine. Akawatazama wenye banda. Huseni akawa baba wa binti, jina lake Mzee Pima. Mastura akawa mama, Bi Tunu.

Sasa kichekesho chao kilikuwa hiki. Kila toroli likiondoka, Mzee Pima anasimama katikati ya sufi inayoruka, anaitazama kamera, anasema: Bi Tunu, nimekuacha. Na Bi Tunu, bila kupepesa jicho, anajibu: Chai iko mezani. Mara tatu katika picha nzima. Twalib alikuwa akilisimulia hilo anacheka peke yake mpaka anashika ukuta.

Mastura aliposikia, aliweka sufi chini. Alisema maneno hayo si ya kuchezea, na kama kuna nyumba Lindi hii ambayo hayafai kuchezewa basi ni hii. Twalib akamwambia mama, Bi Tunu si mtu, ni jina la kwenye karatasi, haachwi mtu hapo. Maftaha akaongeza kuwa waigizaji wa Dar wanaoana na kuachana kila siku kwenye televisheni na jioni wanarudi kwa waume zao wanakula wali. Na Huseni naye, maskini, alitaka. Maishani mwake hakuwahi kutakiwa na mtu kwa jambo lolote isipokuwa mito. Akaanza kumzungukazunguka mkewe, anamwambia ni mchezo tu, mke wangu, watoto wa Biasha watatuona kwenye simu. Mwisho Mastura akalegea, kwa sharti moja.

"Mradi jina langu lisipite kinywani mwako," alimwambia. "Mwache huyo Tunu hata mara mia."

Huseni akaahidi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, na ya pili ikaenda vizuri zaidi. Mzee Pima akamwacha Bi Tunu, chai ikawa mezani, watu wakashika matumbo. Tatizo lilikuja siku ya sehemu ya tatu. Twalib alikuwa amevaa vile vya masikioni anasikiliza sauti, akakunja uso, akamuuliza mzee ana nini mdomoni, mbona maneno yanatoka yamevimba. Huseni akasema ni karafuu. Akaambiwa aiteme. Akaitema.

Joto la siku ile halikuwa la kawaida. Bati linawaka, dirisha moja limezibwa kwa shuka ili mwanga utoke upande mmoja, sufi imejaa puani, na shati la njano la kuazima limembana kwapani. Mtaa mzima umejaa mlangoni, wengine wamepanda juu ya ndoo kuchungulia. Na Huseni, sijui alipatwa na nini, akawa anakosea. Mara anasema Bi Tatu. Mara anasahau kuitazama kamera. Mara neno liko tayari, anapiga chafya. Twalib anapaza sauti kata, turudie. Kata, turudie. Jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Mastura hakukosea hata mara moja. Kumbe mwanamke yule alikuwa na kipaji kilichokaa bure miaka yote. Alianza kwa kumnong'oneza mumewe maneno. Halafu akawa anamrekebisha kwa sauti. Halafu watu walivyokuwa wakicheka naye akanogewa, ndiyo binadamu alivyo, akawageukia wa mlangoni.

"Jamani, huyu hata kuniacha hawezi mpaka akumbushwe."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka barabarani. Kondo alikaa chini kabisa. Mastura mwenyewe alicheka, akamgusa mumewe begani, wala hakuwa na ubaya moyoni hata chembe. Lakini Huseni hakuuona utani. Aliona meno. Aliona miaka yake yote ya kumeza maneno, ya kutoka nje juani na kinywa kinachoungua kwa ajili ya mwanamke huyu, imekuwa mzaha wa kuwachekesha watu waliosimama juu ya ndoo. Hasira ikapanda. Mkono ukaenda kifuani wenyewe kutafuta karafuu, na lile shati la kuazima halikuwa na mfuko. Twalib akasema twende.

"Mastura, nimekuacha."

Aliyasema vizuri sana, kila neno limenyooka, na hakuitazama kamera. Alimtazama yeye. Mastura akapepesa jicho mara moja, kisha mazoea ya mchana kutwa yakamjibia.

"Chai iko mezani."

Watu wakaangua kicheko tena. Twalib aliruka, akapiga kelele kuwa mzee ameua, hiyo ndiyo yenyewe, hawagusi tena. Ni Maftaha aliyeuliza katikati ya kicheko, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, mbona kasema Mastura. Aliyekuwa karibu yake akanyamaza. Wa pembeni naye akanyamaza. Ukimya ukatoka hivyo mtu kwa mtu mpaka ukafika kwa wale wa kwenye ndoo, na hapo ndipo Mastura akatazama mikono yake kana kwamba ina kitu. Akapita katikati ya watu, akavuka uchochoro, akaingia nyumbani kwa Maftaha na nguo zake za njano, na huko ndiko alikolilia.

Huseni alibaki amesimama. Alitaka kumwita, akaogopa hata jina.

Yasiyojulikana na kila mtu yaelezwe. Talaka ya tatu haina kurejea. Hakuna kutuma wazee, hakuna kuombana radhi, hakuna kurejeana ndani ya eda. Mke ameshakuwa mtu baki. Akitaka kurudi kwa yule mume, lazima kwanza aolewe na mwanamume mwingine, ndoa ya kweli, ya kulala na kuamka, na huyo naye afe au amwache kwa hiari yake. Mwanamke wa umri wa Mastura, mwenye wajukuu! Na habari ya kwamba ulikuwa utani haisaidii kitu, maana kila mtoto aliyepita madrasa anajua kuwa talaka haina utani.

Basi mtaa ukagawanyika. Vijana walisema kuigiza ni kuigiza, ingekuwa sivyo wauaji wote wa kwenye picha wangekuwa gerezani. Wazee wakasema angetaja Tunu ingekuwa hadithi, lakini ametaja mke wake, kwa jina aliloolewa nalo, mbele ya mashahidi waliojaa mpaka dirishani. Kondo, ambaye ulimi wake haujui msiba, alisema kijiweni kuwa kama anatafutwa mume wa kati yeye yupo, tena ana samaki. Alisema kuchekesha. Huseni alisikia, na tangu siku hiyo hakupita tena kijiweni.

Biasha alipiga simu kutoka Mingoyo. Hakumsalimu baba yake, na hilo halijapata kutokea tangu mtoto yule ajue kusema shikamoo. Alimuuliza tu, "Baba, umemfanyia nini mama?"

Nyumba ilimshinda. Kulala hawezi, kula hawezi, na bandani haingii kwa sababu sufi ambayo Mastura alikuwa hajamaliza kuichambua ilikuwa imekaa palepale, na umbo la alipokuwa ameketi limebaki kwenye mkeka. Chakula kilikuwa kinatoka kwa Maftaha, kimefunikwa, na alijua kwa namna muhogo ulivyokatwa kuwa ni mkono wa nani. Maftaha alimletea na maneno. Alisema Mastura anamwambia asijitese, shehe wakimwendea ataelewa, ulimi uliteleza tu, alikuwa anakosea tangu asubuhi na hilo ni kosa moja zaidi. Alisema Mastura ana hakika. Anamjua mumewe.

Hayo maneno ya kumfariji ndiyo yaliyommaliza. Huseni hakuwa na hakika. Au tuseme alikuwa nayo, na alikuwa anaikimbia. Ndipo akamwendea Twalib akamwomba amwonyeshe ile picha. Kijana mwenyewe alikuwa amekonda, macho mekundu, kofia hana. Alisema yuko tayari kuifuta filamu yote, hata ile ya toroli na mbuzi, kama itasaidia. Huseni akasema aione kwanza. Moyoni alikuwa anaomba amwone Mzee Pima, mzee mjinga wa njano aliyechoka, ulimi umemponyoka.

Kioo cha kamera ni kidogo, lakini kilitosha. Alimwona mkewe anageukia mlangoni, anacheka. Aliuona mkono wake mwenyewe unatafuta mfuko. Halafu akaona macho. Hayakuwa macho ya mtu aliyesahau jina. Yalikuwa macho yake mwenyewe ya ujana, ya siku ya sindano. Mzee Pima hakuwepo kabisa mle bandani. Ilikuwa ni muda mfupi, pumzi moja, na kabla hajafika mwisho wa neno alikuwa amekwisha kujuta. Lakini katika pumzi ile alitaka kumuumiza. Alilichagua jina.

"Mzee, wallahi hujawahi kuigiza vizuri kama hapa," Twalib alisema kwa sauti ndogo, akidhani anafariji.

Huseni akamwambia afute. Twalib akabonyeza, sehemu bora ya picha yake yote ikapotea. Hakuna tena aliyeweza kuyaona macho yale. Huseni alitembea kurudi nyumbani akijirudia hivyo njia nzima, hakuna aliyeyaona, hakuna aliyeyaona, na kifua chake kilikuwa kizito kuliko alipokwenda.

Kesho yake asubuhi walikutana kwa Shehe Tawakali. Shehe yule ni mtu mpole, mwenye kikohozi, asiyependa kuachanisha watu. Huseni aliketi kwenye jamvi upande mmoja, Mastura upande wa pili pamoja na Maftaha, na Twalib akakaa mlangoni kama mshtakiwa. Shehe aliwauliza wote, akasikiliza habari ya toroli na mluzi bila kucheka, ingawa alikohoa mara mbili pasipo na sababu. Kisha akasema jambo lenyewe ni jepesi na ni zito. Maneno ya hadithi ni ya hadithi. Mtu akikusudia kusema Tunu, ulimi ukateleza kwenye jina alilolizoea, huko ni kuteleza, ndoa iko palepale. Lakini kama aliyageuza maneno yale yakamwelekea mkewe, hata kwa mzaha, hata kwa kitambo cha kufumba na kufumbua, hata kama alijuta kabla ya kufunga kinywa, basi imekwisha pita, wala yeye Tawakali hana uwezo wa kuirudisha.

"Sikuulizi watu waliona nini," alisema. "Moyo wako anaujua Mungu na wewe. Nitahukumu kwa utakaloniambia. Ulikuwa unamwambia nani?"

Huseni aliinua uso. Hakutaka kumtazama Mastura, na alimtazama. Mama yule alikuwa ameinama kidogo mbele, midomo inacheza bila sauti, kama alivyokuwa akimnong'oneza maneno bandani. Alikuwa anamkumbusha. Huseni akaona maisha yake yaliyobaki, banda, sahani iliyofunikwa, mke wake kuolewa na mtu mwingine ama kuzeeka chumbani kwa Maftaha, na Biasha asiyesema shikamoo.

"Nilikuwa namwambia Tunu," akasema. "Ulimi uliteleza. Wallahi, shehe."

Hakuna aliyemtaka aape. Kiapo alijitolea mwenyewe.

Shehe akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, ndoa ni nzima, waende nyumbani kwao, na huyo kijana atafute kichekesho kingine. Maftaha akapiga kigelegele palepale kwenye jamvi. Twalib alilia waziwazi bila kujificha. Mastura hakufanya lolote kati ya hayo. Alifumba macho, akayafumbua, akamwambia mumewe kuwa anatangulia kupika, maana amekonda sana.

Adhuhuri Huseni aliswali safu ya mwisho. Watu walimpa mkono, Kondo akamwomba msamaha kwa utani wake na kuahidi samaki. Alipoinua mikono kuomba, dua haikuja hata moja. Alikaa msikitini mpaka wote wakatoka, anajitetea. Wamekwisha kuwa wazee. Wanamdhuru nani? Angeweza kuingia nyumbani, akala, akapiga chafya, akacheka, na siri ikafa naye. Dhambi ni yake, ataibeba.

Lakini si yake peke yake, hapo ndipo alipokwama. Mwanamke yule wa swala tano, aliyekuwa akisafisha mchele mara mbili asije akamlisha mtu uchafu, angelala ubavuni mwa mtu asiye mumewe kila siku ya maisha yake iliyobaki, huku akimshukuru Mungu. Angefika mbele ya Mola wake na mzigo asioujua, na aliyemtwika ni yeye, kwa mapenzi. Huseni akasogea mpaka kwenye nguzo, akaiegemea. Akatafuta jinsi ya kumwambia. Kila sentensi aliyoipanga ilikuwa na jina lake ndani yake, na ilikuwa ni kumwacha upya.

Alitembea polepole. Majirani walimsalimia, wakamtania kuwa leo ni kama bwana harusi, akawajibu asijue anajibu nini. Mlango wa nyumba yake ulikuwa wazi. Mastura alikuwa ameketi ukumbini, amempa mgongo, ameoga, kichwa wazi, nywele zake zenye mvi amezipaka mafuta na kuziachia zikauke. Alikuwa anapakua wali na mchuzi wa samaki wa Kondo. Alisikia ndala zake, akamwambia bila kugeuka aingie, chakula kinapoa.

Huseni akavua ndala. Akasimama nje ya kizingiti.

"Hodi," akasema.

Mastura alicheka kidogo, akaendelea kupakua. Akangoja aingie. Hakuingia.

"Hodi humu ndani."

Upawa ukasimama juu ya sahani, mchuzi ukadondoka, ukaacha kudondoka. Mastura hakugeuka. Mabega yake yalipanda yakashuka, akaweka upawa chini kwa uangalifu, pembeni, usichafue mkeka. Kisha mkono wake ukapapasa nyuma ukaipata kanga, na taratibu akajifunika kichwa, nywele zote, mpaka kwenye paji la uso, kama mwanamke anavyojifunika akisikia sauti ya mwanamume asiye wake mlangoni.

"Karibu," akasema.